Siku Tatu kwa Miguu hadi Maneromango

Zegereni, Kibaha

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, mama. Itikia huko huko Urambo, mimi nitaisikia.

Mimi ni mzima. Ninakula, ninalala, kazini wananiona. Ni miguu tu iliyovimba, na ukucha wa kidole gumba umekuwa mweusi kama zambarau, lakini usishtuke. Ukisoma hadi mwisho utajua kwamba si ugonjwa. Vipi wewe? Mgongo umekupa nafasi kidogo? Na macho, bado yanatoa machozi ukikaa karibu na jiko? Kaka Shabani aliniambia kwamba tumbaku yote imeshatoka kwenye bani la kukaushia na kwamba yule mbuzi wako mkorofi amezaa mapacha. Nilicheka peke yangu mbele ya mashine mpaka msimamizi akaja kuniuliza kama nimepandwa na kitu.

Mama, naomba jambo moja kabla hujaendelea. Vaa miwani yako, ingia chumbani, usome mwenyewe. Usimpe kaka Shabani akusomee. Ningeweza kupiga simu, lakini kila nikitaka kulisema jambo hili sauti inaniishia, nawe unaanza kuuliza, "Zaina, upo? Zaina?" halafu mimi nasema mtandao mbaya. Mtandao haukuwa mbaya, mama.

Unakumbuka baba alivyokuwa akitufanyia tulipolalamika kwamba shule iko mbali. Alikuwa anaweka kikombe chake chini polepole, anasema, "Mimi nilitoka Maneromango mpaka stesheni ya Soga. Siku tatu. Miguu mitupu. Nina miaka tisa, mama yangu amezikwa wiki iliyopita, na sikulia hata mara moja." Halafu anasimulia mjomba wake aliyekuja kumchukua, na treni iliyomleta Tabora, na kwamba hakurudi tena Uzaramo. Sisi tulishaijua hadithi ile neno kwa neno. Kaka Shabani alikuwa anaisema kimyakimya nyuma ya mgongo wake, akichezesha midomo, nami napigwa kofi kwa kucheka.

Sasa rudi kwenye mwaka ule alipokuja kwangu Kibaha na kile kidonda cha unyayo. Wewe ulibaki kumuuguza bibi. Nilimpa kitanda changu, nami nikalala mkekani. Jioni alikuwa anakaa mlangoni, mguu umeinuliwa juu ya ndoo, anauliza kila anayepita, "Maneromango ni upande gani?" Siku moja Tatu alikuja kunitembelea. Huyu Tatu nafanya naye kazi zamu moja kiwandani, kwenye mashine ya kushona viroba, na kwao ni Masaki huko Kisarawe. Yeye ndiye aliyemnyooshea baba kidole: "Kule, mzee. Ukivuka reli, ukapita msitu, ukapita kwetu Masaki, unaendelea tu." Baba akautazama ule upande mpaka nikadhani ameona mtu.

"Zaina," akasema, "kumbe ni hapo tu. Nipeleke."

"Ukipona, baba."

Ndivyo nilivyomjibu. Kila aliponiomba nilimjibu hivyohivyo.

Sasa lile jambo lenyewe. Wewe unajua kwamba baba aliridhia kukatwa mguu, kwa sababu ndivyo nilivyokwambia kwenye simu: "Mama, amekubali." Nilikudanganya. Jioni ya kuamkia siku ile alinishika mkono pale hospitali, akasema, "Wakija na karatasi usiweke sahihi. Nilikuja duniani na miguu miwili, acha niondoke nayo." Nikasema sawa, baba. Asubuhi nilipofika alikuwa hajitambui, mwili unawaka, anaita majina ya watu nisiowajua. Daktari alikuwa kijana mpole. Aliniambia, "Dada, sumu inapanda. Tukingoja hadi kesho hatutakuwa na wa kumwuliza." Akaniwekea karatasi. Nikaweka sahihi, mama. Mkono wangu haukutetemeka, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo.

Alipozinduka aliangalia shuka lilivyolala bapa upande wa kulia. Kisha akaniangalia mimi. Hakusema kitu. Hakusema siku ile, wala ile miezi miwili aliyokaa kwangu akijifunza magongo. Mguu wenyewe wazee wa msikiti wa mtaani kwetu waliniambia kwamba hauswaliwi lakini unasitiriwa, wakaufunga kitambaa cheupe, wakauzika pembezoni mwa makaburi ya hapa, mimi nikiwa nimesimama nje. Kaka Shabani alipokuja kumchukua, baba alinivuta sikio langu karibu na mdomo wake pale stendi ya mabasi, akasema maneno mawili tu: "Hujanipeleka, Zaina." Baada ya miezi sita ukanipigia simu alfajiri.

Nimekaa na maneno yale mawili hadi mwaka huu. Nilipopata likizo nikamwambia Tatu, "Nataka kwenda Maneromango kwa miguu." Akaniuliza kama magari yameisha. Nikamweleza. Akafunga kanga yake upya kiunoni, akasema, "Kwetu ni njiani. Mama yangu hajaniona tangu Ramadhani. Tutakwenda wote, lakini ukichoka sikubebi."

Tulitoka Zegereni Jumamosi baada ya swala ya alfajiri. Nilipitia kwanza pale makaburini, nikasimama nje kama siku ile. Nikasema, "Baba, twende." Nilijisikia mjinga kidogo. Tatu alijifanya anatafuta kitu kwenye mkoba.

Siku ya kwanza tuliiacha barabara kubwa ya Morogoro nyuma yetu na kelele za viwanda zikazidi kufifia, mpaka nikaanza kusikia viatu vyangu. Mimi huku Kibaha ninaijua njia ya kazini na njia ya sokoni tu. Sikujua kwamba nyuma ya mageti yale na moshi ule kuna nchi pana namna hii, mabonde yenye mpunga, minazi iliyopotea katikati ya nyasi, watu wanaokusalimia toka mbali na kungoja hadi umalize kujibu. Ni kipupwe, jua halina ukali. Tulifika Soga alasiri.

Nilitaka kuiona stesheni ya zamani, ile ya baba. Ni kijumba tu, mama. Nilikuwa nimeijenga kichwani mwangu kubwa kama msikiti wa Ijumaa. Reli ya zamani inapita mbele yake, nyembamba, imeota majani, na ng'ambo yake kuna reli mpya, imeinuliwa juu ya tuta refu, na nguzo zake za umeme zinakwenda mpaka macho yanachoka. Nikakaa pale chini. Nikasikia kama upepo unakuja. Haukuwa upepo, ilikuwa treni. Ilipita juu yetu bila moshi, bila mlio wa kutisha, ndefu, inang'aa, na kabla sijafunga mdomo ilikuwa imekwisha. Majani ya reli ya zamani yakalala upande mmoja, kisha yakasimama tena. Tatu akasema, "Subhanallah." Nilikuwa nawaza kwamba mahali hapa hapa mtoto wa miaka tisa alisimama na miguu yenye vumbi, hajawahi kuona chuma kinachotembea, akaambiwa, panda.

Tulilala Soga kwa binamu yake Tatu. Kulipokucha tukashika njia ya msituni.

Sijui nikuelezeeje msitu ule. Wewe umekulia kwenye miombo, miti inayokuacha uone mbali. Huu haukuachi. Miti imeshikana mikono juu, chini kuna kivuli cha baridi na harufu ya majani yaliyooza vizuri, na mwanga unashuka vipande vipande kama mtu anamwaga unga. Mbega walitupita juu, weusi na weupe, wakiruka na mikia yao mirefu kama vitambaa vya sherehe, na hatukuwasikia mpaka matawi yalipotikisika. Kulikuwa na vipepeo kwenye tope la njia, mamia, wa njano. Tulipokaribia wakainuka wote kwa pamoja na kutuzunguka, na tukasimama katikati yao tukiwa tumefumba midomo tusiwameze. Tatu ni mtu wa maneno mengi, unamjua kwenye simu. Kwa muda wa saa nzima hakusema neno. Baadaye akaniambia, "Nimepita huku tangu utoto nikiwaza kuni tu."

Tulikutana na mchoma mkaa mmoja, amekaa kando ya tanuri lake lililofunikwa udongo, linatoa moshi kidogo kama chungu cha maharage. Akatupa maji. Nilimwuliza kama zamani watu walipita hapa kwa miguu. Akacheka. "Zamani walipita wengi, na simba nao walipita. Ilikuwa nani amwahi mwenzake." Nikahesabu hatua zangu baada ya pale, mama. Nilifika elfu mbili nikapoteza hesabu. Mimi ni mtu mzima, nina viatu, nina chupa ya maji, nina simu mfukoni, na nilikuwa natamani kukaa chini.

Masaki tulifika jua likiwa limeanza kushuka, mimi nachechemea. Mama yake Tatu alinitazama miguu, akaenda kuchemsha maji ya chumvi bila kuuliza. Kisha alitupikia bada, ule ugali wao wa muhogo, na kisamvu cha nazi, nikala mpaka nikaona haya. Nilipomweleza safari yangu alisema, "Wazaramo wengi walikwenda kwenu Unyamwezi na treni ile. Waliorudi ni wachache. Na nani huko kwenu Maneromango anayekungoja?" Nikasema hakuna. Baba alikuwa na dada mmoja, Siwema, mkubwa kwake, lakini barua zilikatika zamani na yeye mwenyewe alishamsomea dua ya marehemu. Nilikuwa nakwenda kuona makaburi, basi.

Siku ya tatu ndiyo ilikuwa ndefu kuliko zote. Njia ya mchanga na korongo, mikorosho pande zote mbili imeanza kutoa maua na harufu yake tamu inakulevya, mashamba ya mihogo yanapanda na kushuka vilima. Bodaboda walitupita na magunia ya mkaa, kila mmoja anasimama: "Dada zangu, pandeni, mnajitesa." Tulivuka kijito kimoja chenye daraja la magogo, nikanawa uso pale, tukaendelea. Mchana tulifika juu ya kilima, Tatu akanigeuza kwa mabega. "Tazama nyuma." Mama, niliona nchi yote tuliyoipita. Kilima juu ya kilima, kijani kinakuwa buluu, buluu inakuwa moshi, na mwisho kabisa mstari mwembamba wa msitu. Nilikaa chini. Si kwa uchovu. Niliona ukubwa wake, na nikaona udogo wa miguu ya mtoto.

Maneromango ni kijiji kikubwa, kuna kanisa la misheni la zamani sana lenye kuta nene, na msikiti, na maduka. Pale dukani nikauliza ukoo wa marehemu Kibwana aliyekuwa mwashi. Mwenye duka akauliza wenzake, wakabishana Kibwana yupi, mpaka mama mmoja aliyekuwa anapimiwa mafuta ya taa akasema, "Si baba yake Bibi Siwema?"

Nikasema, "Bibi Siwema alikufa."

Akanitazama. "Alikufa lini? Asubuhi hii kanigombeza kwa sababu ya kuku wangu."

Tulimkuta barazani kwake, amekaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi, anamenya mihogo. Ni mwembamba, mweusi wa kung'aa, kanga ya kichwani imefungwa kwa nguvu. Kisu kinakwenda peke yake, yeye anatutazama sisi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mbona unachechemea?"

"Nimetoka Soga kwa miguu."

"Soga!" Akacheka. "Nani aliyekulaani?"

"Hakuna, bibi. Baba yangu alipita njia hiyo utotoni, nikataka kuipita."

"Babako nani?"

"Ramadhani. Ramadhani wa Kibwana."

Kisu hakikusimama. Alimenya muhogo ule mpaka mwisho, akaukata vipande vinne, akavitia kwenye beseni la maji. Ndipo akauliza, macho yako kwenye beseni, "Yu hai?"

"Hapana, bibi. Alifariki mwaka juzi."

"Inna lillahi." Akafuta mikono, taratibu, kidole kimoja kimoja. "Basi usiniite bibi. Mimi shangazi yako." Halafu akajaribu kusimama, akashindwa, nikapiga magoti mbele yake akanishika kichwa kwa mikono yenye wanga wa muhogo na kulia bila sauti, na mimi nikalia kwa sauti ya kutosha wawili.

Majirani walijaa. Kesho yake wakasoma hitima. Nitakusimulia hayo tukikutana; hapa nataka nikupe yale aliyoniambia Shangazi Siwema mchana wa siku iliyofuata, baada ya watu kupungua. Nilikuwa nimeanza kumsimulia hadithi ya baba, ile yetu, nikafika pale pa "sikulia hata mara moja." Shangazi akaziba mdomo kwa kanga. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka.

"Hakulia? Ramadhani? Alilia mpaka kamasi zikanilowesha shingo!"

"Shingo yako, shangazi? Na wewe ulikuwepo?"

"Sasa nani alimfikisha Soga?"

Mama, baba hakuwahi kutuambia kwamba dada yake alikuwa safarini. Kumbe walikuwa watatu, mjomba na wao wawili, yeye Siwema ana miaka kumi na minne. Siku ya kwanza baba alitembea, kidogo tu, hadi kwenye kijito. Pale akakaa chini. Akasema haendi, anarudi kwa mama yake. Wakamwambia mama amekufa. Akasema anajua, na haendi. Mjomba alikuwa mtu wa haraka, akakata fimbo. Shangazi akasimama katikati.

"Nikamwambia mjomba, usimpige, nitambeba. Nikachutama, nikamfunga mgongoni na kanga ya marehemu mama kama mtoto mchanga. Miguu yake ilikuwa inaning'inia mpaka magotini kwangu. Kutoka pale kijitoni mpaka Masaki. Kutoka Masaki mpaka Soga. Nilikuwa namshusha tukifika penye watu, atembee kidogo wasimcheke, tukiwapita napandisha tena."

"Kule msituni pia?"

"Kule ndiko hakutaka kabisa kushuka."

Nilikuwa nimeipita njia ile, mama. Nilikuwa na kila hatua yake kwenye nyayo zangu. Na mimi nilibeba mkoba tu.

"Akaniapisha," akasema shangazi. "Tulipoona stesheni akaninong'oneza sikioni, dada, apa hutamwambia mtu. Nikaapa. Nimekaa nacho kiapo hicho maisha yangu yote, hata mume wangu alikufa hajui. Lakini sasa mwenyewe katangulia, naona kimekwisha. Allah amsamehe kwa kujigamba."

Jioni ile aliniomba nimpelekee maji bafuni nimsugue mgongo, kwa sababu mikono yake haifiki. Mama, nimeona msitu na treni na ile nchi kutoka juu ya kilima. Hakuna kilichonitisha kama mgongo ule. Ni mdogo. Mifupa inahesabika. Nilishika kumbi la nazi na sabuni nikawa nasugua polepole, kama mtu aliyepewa msahafu aushike. Kila kitu chetu kilipita hapo: baba, wewe kuolewa, kaka Shabani, mimi, mbuzi wako mapacha. Yeye akanigombeza, "Sugua kwa nguvu, mimi si yai."

Ndipo nikamwambia. Pale pale bafuni, nyuma ya mgongo wake, kwa sababu usoni nisingeweza. Nikamwambia habari ya karatasi, na baba alivyonikataza, na sahihi yangu, na zile siku zote alizonyamaza. Shangazi hakugeuka. Maji yalikuwa yanachuruzika kwenye mawe.

"Mguu mliuzika wapi?" akauliza.

"Kibaha, shangazi."

Akatikisa kichwa. Kisha akasema, "Unajua pale stesheni sikumuaga? Alikuwa amelala. Nilimlaza mwenyewe kwenye kiti cha treni, nikamfunika kanga ile, nikashuka kabla hajaamka, kwa sababu angeamka angenishika. Miaka mingapi nimelala nikiwaza: ningemwacha pale kijitoni alipokaa, mjomba angechoka, angemrudisha. Ndugu yangu angekulia hapa. Mimi ndiye niliyemwondoa. Kwa mgongo huu." Akafuta maji usoni. "Wewe ulisaini ili abaki. Mimi nilimbeba ili aondoke. Yeye mwenyewe hakutaka mara zote mbili. Sasa tufanyeje, mwanangu? Nimwagie maji, baridi inaniingia."

Nikammwagia maji. Sijui kama jambo langu limekwisha, mama. Ninachojua ni kwamba usiku ule nililala fofofo hadi alfajiri, jambo ambalo halijanitokea tangu siku ya karatasi ile. Nawe sasa unajua. Kama una hasira nami, nitaipokea. Na kama baba aliwahi kukwambia neno lolote juu ya mguu ule, liwe zuri au baya, nifichulie tutakapoonana. Usinihurumie.

Tuliporudi hatukurudi kwa miguu, maana shangazi alikataa kubaki. Tulipanda lori la mihogo, yeye mbele na dereva, mimi na Tatu juu ya magunia. Pale kwenye daraja la magogo akamwamuru dereva asimame. Akashuka, akatembea mpaka ukingoni, akanyoosha kidole kwenye jiwe moja bapa: "Alikaa hapa." Ni pale pale nilipokuwa nimenawa uso bila kujua kitu. Dereva alizima gari. Hakuna aliyemharakisha.

Sasa yuko chumbani kwangu Zegereni, amelala kwenye kitanda changu, na jana nilimpeleka pale makaburini akasoma dua yake taratibu. Msimamizi amenipa siku nne mwisho wa mwezi. Nitamleta Urambo. Hataki basi. Anataka treni, kwa sababu anasema alimpandisha mwenzake, yeye mwenyewe hajawahi kupanda. Barua hii anakuja nayo jirani yangu anayekuja msibani kwao Kaliua, ili ikufikie mapema ujiandae.

Nisalimie kaka Shabani, mwambie asichezeshe midomo tena nyuma ya mtu. Nisalimie wifi yangu, mkewe, na uji wake wa karanga ninaouota. Bibi mwambie nimempatia mkwe wa kubishana naye. Salamu kwa mama mdogo wa kule mashine ya kukoboa, na baba mdogo aliyechimba kaburi la baba. Huyo mwambie shangazi anataka kumshika mkono. Tatu anakusalimu, ukucha wake haukupata hata alama.

Shangazi ameamka. Anasema niache nafasi, ana salamu zake, na niandike kama anavyotamka bila kupamba. Haya:

"Wifi yangu, Mnyamwezi uliyemficha ndugu yangu. Mimi ni mkubwa kwako, kwa hiyo shikamoo iandae wewe. Nakuja na makopa ya muhogo gunia moja, maana najua huko kwenu mnakula tumbaku. Siku nitakayofika usinipe kitanda. Nitalala chini, upande aliokuwa analala yeye, kwa sababu mimi ni mfiwa na msiba wangu bado sijaulilia. Kutakapokucha nitaamka nikiwa mtani wako, na jogoo wako mkubwa umuage kabisa."

Mwanao akupendaye,
Zaina